Sufuria ya Presha Ilipopanda Mlimani

Sogeza kiti, msikilizaji wangu. Haya nimeyaandika, lakini mimi huandika kama ninavyoongea, na huongea kama nilivyokuwa nikifundisha: polepole, na nikiona uso wa mtu umekunjamana, narudia. Nataka nikueleze habari za sufuria. Ni ile yenye mfuniko unaofungwa kwa kuzungushwa, yenye kizito kidogo juu kinachochezacheza na kutoa mluzi, ambayo wengi wetu tunaiita sufuria ya presha. Pengine unayo, umeiweka juu ya kabati kwa sababu unaiogopa. Nitakueleza ilikotoka, halafu nitakueleza asubuhi moja ambayo ndani yake iliamuliwa kama mama yangu angeendelea kuishi nyumbani kwake au angehamishwa. Nakuambia mapema kwamba mambo yaliisha vizuri, ili usikilize ukiwa umetulia. Mimi siku ile sikutulia hata kidogo.

Kwetu ni juu kabisa, Upare ya Kusini, mahali ambapo asubuhi ukungu unaingia mpaka sebuleni kama mgeni asiyebisha hodi. Mimi naishi chini, Same mjini, ambako nilifundisha fizikia sekondari mpaka nilipostaafu. Mama ni mjane. Anaishi peke yake kwenye nyumba aliyojenga na baba, na jirani yake wa karibu ni shangazi yangu, dada wa marehemu baba, mwanamke mwenye ulimi ambao haujastaafu na wala hauna mpango huo.

Chakula cha mama ni makande. Naye si wa peke yake, Wapare tumelelewa kwa mahindi yaliyokobolewa na maharage. Lakini mama ni mmoja wa wale ambao wakila wali siku mbili mfululizo wanaanza kuuliza kama kuna msiba. Na makande kwetu juu yanakaa mafigani asubuhi nzima, wakati mwingine mpaka alasiri. Jiko la mama ni kibanda cha nje, kuta zake nyeusi kwa masizi ya miaka mingi, na yeye alikuwa anakaa humo kwenye kigoda, anapuliza, anachochea, anaongeza maji, anapuliza tena.

Kifua ndicho kilichosema imetosha. Alianza kukohoa kikohozi kisichokwisha, kisha akawa hawezi kupanda kutoka mferejini bila kusimama mara tatu. Tulimshusha hospitali. Daktari alimsikiliza mgongoni kwa muda mrefu, akatazama picha ya kifua, akatugeukia mimi na mdogo wangu wa kike.

"Dawa nitampa," alisema, "lakini akirudi kwenye moshi, dawa hizi ni kazi bure. Huyu mama asikae tena jikoni kwenye kuni."

Mama alikuwa anafunga kanga yake. Alisema, "Daktari, mimi nakaa jikoni kwangu. Wewe unakaa kwako."

Mdogo wangu anaishi Kihurio, kule bondeni kwenye mashamba ya mpunga. Ana nyumba nzuri na moyo mzuri kuliko nyumba. Kabla hatujafika kituo cha magari alikuwa ameshapanga kila kitu: mama atahamia kwake, chumba cha nyuma kitapigwa rangi, yeye atampikia.

"Kihurio kuna joto," mama alisema.

"Utazoea, mama."

"Na mbu."

"Chandarua kipo."

"Na baba yenu hayuko Kihurio."

Baba amezikwa chini ya migomba, hatua chache kutoka mlangoni kwa mama, na kila asubuhi mama hupita pale akimsemesha mambo madogomadogo ya siku. Ndipo nikasema, bila kufikiri sana, "Nipeni muda. Kuna kitu nataka kujaribu." Mdogo wangu aliniangalia kwa huruma anayomwekea kaka mwenye mawazo mengi. Akasema atanipa mpaka siku ya msaragambo wa kusafisha ndiva. Siku hiyo atapanda mlimani, na kama atamkuta mama bado yuko kwenye moshi, ataondoka naye.

Kwa wasiotoka kwetu, niseme hivi: ndiva ni bwawa la kukusanyia maji ya mfereji, na msaragambo ni kazi ya pamoja ambayo hakuna anayelipwa na hakuna anayethubutu kukosa. Wenye nguvu wanachimba tope, na nyumba za wazee zinapeleka chakula. Mama hajawahi kukosa kupeleka makande. Kwa hiyo siku ile ilikuwa na mitihani miwili katika chungu kimoja.

Sasa naomba radhi, maana hapa lazima nikiri jambo. Kwa miaka yote ile darasani nilikuwa nikiandika ubaoni kwamba maji huchemka kwa joto dogo zaidi mahali palipoinuka. Wanafunzi wananakili, wanafanya mtihani, wanapata. Halafu mimi huyohuyo, shule zikifungwa, napanda kwetu, namkuta mama anapambana na chungu kimoja tangu alfajiri, nami nasema, "Maharage ya mwaka huu yamekuwa magumu." Sikuwahi kuunganisha. Mama ndiye aliyekuwa ameona kitu. Alikuwa akija kwangu Same na maharage yake, anayapika, yanaiva mapema, anasema, "Mkaa wenu huu una nguvu." Nami, mwalimu wa fizikia, nikakubali kwamba ni mkaa.

Haukuwa mkaa. Fikiria hewa kama mkono mkubwa uliowekwa juu ya maji. Mahali pa chini mkono huo ni mzito, maji hayawezi kuruka na kuwa mvuke mpaka yapate moto wa kutosha. Ukipanda mlimani mkono unakuwa mwepesi. Maji yanaruka mapema. Unayaona yanatokota kwa fujo, unadhani yana moto mkali, kumbe yana moto pungufu, na maharage yamelala mle ndani yanasubiri joto ambalo halitakuja. Ukiongeza kuni hupati joto zaidi. Maji yanakauka haraka tu na macho yanawasha zaidi. Hilo mama alilifanya maisha yake yote, na mama yake kabla yake. Dawa waliyoipata ni magadi, bonge dogo la chumvichumvi kutoka nyanda za chini, ambalo linalainisha ganda la haragwe na kuyapa makande ladha yake. Shika hilo la magadi, tutakutana nalo baada ya muda si mrefu.

Sufuria ya presha inafanya jambo moja tu: inarudisha ule mkono mzito. Inaufungia mvuke ndani, mvuke unayakandamiza maji, na maji yanalazimika kupata moto mkali kuliko hata yale ya Same kabla ya kuchemka.

Aliyeitengeneza mara ya kwanza alikuwa Mfaransa mmoja aliyesomea udaktari, ambaye alihamia London zaidi ya miaka mia tatu iliyopita. Yeye hakuwa na shida ya maharage, alikuwa anawaza mifupa. Aliona mifupa inatupwa, akajua ndani yake kuna lishe ambayo mtu maskini angeweza kuipata kama ingelainika. Akatengeneza chungu cha chuma kinene, akakaza mfuniko kwa skrubu, akachochea moto. Na kama unavyoweza kukisia, vyungu vya namna hiyo vilikuwa na tabia ya kupasuka. Mvuke ukikosa njia huitengeneza.

Hapa ndipo ninampenda mtu huyu. Wengine wangeacha, au wangeongeza unene wa chuma. Yeye alitoboa tundu dogo kwenye mfuniko, na juu ya tundu akaweka kizibo kilichokandamizwa na uzito. Mvuke ukiwa wa kawaida, uzito unaushinda. Mvuke ukizidi, unainua kizibo, unapumua nje, kisha kizibo kinarudi. Basi. Aliwaalika wataalamu wa mji ule kwenye mlo uliopikwa kwa chungu hicho, wakala mpaka mifupa.

Inasemekana kwamba kwa kukitazama kizibo kile kikipanda na kushuka aliwaza kwamba mvuke unaweza kusukuma vitu vizito zaidi. Waliokuja baada yake wakatengeneza mashine, mashine zikazaa treni, na treni za mvuke zikapita mpaka hapa Same kwenye reli ya kutoka Tanga. Baba alikuwa akituhadithia jinsi zilivyokuwa zikihema stesheni kama ng'ombe aliyepanda mlima. Sikujua wakati ule kwamba ananisimulia habari za mjukuu wa sufuria.

Kwa muda mrefu chungu chenyewe kilibaki mikononi mwa wataalamu, kisha viwandani kwenye kazi ya vyakula vya makopo. Kilipoingia majumbani, cha alumini nyepesi, ilikuwa karne iliyopita, na hapo tena kikaharibiwa jina. Wapo watengenezaji waliokimbilia faida, wakauza sufuria zenye vizibo vya hovyo, zikapasuka jikoni kwa watu. Siku hizi zinawekwa vizibo viwili, na nyingine za umeme zinajizima zenyewe. Lakini jina baya husafiri haraka kuliko marekebisho. Lilivuka bahari, likapanda milima ya Upare, likafika mpaka kwa shangazi yangu.

"Mwalimu," aliniambia siku niliposhuka kwenye bodaboda nikiwa nimeipakata sufuria mpya kama mtoto mchanga, "umetuletea bomu."

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Liweke mbali na ukuta wangu."

Nilikuwa nimechagua ya kuweka juu ya jiko la gesi, kwa sababu umeme kwetu ukisikia radi unatangulia kuondoka. Nikaweka jiko dogo na mtungi kwenye chumba kilichokuwa stoo, dirisha wazi. Mara mbili nilipika na mama makande kidogo, yakaiva kabla redio haijamaliza vipindi viwili. Alikula, akasema, "Yameiva," kwa sauti ya mtu anayekiri kosa dogo. Nikaona tumefaulu. Nikamwambia masharti: usijaze kupita nusu, kwa sababu maharage yana povu, na magadi usiweke, huku hayahitajiki.

"Nusu," mama alisema.

"Nusu, mama."

"Sawa."

Ile "sawa" ilikuwa fupi mno. Mimi, mwalimu wa miaka mingi, ningepaswa kuijua.

Siku ya msaragambo mdogo wangu alifika asubuhi, amebeba mfuko mkubwa mtupu uliokunjwa vizuri. Aliuweka juu ya kiti bila kusema ni wa nini. Kila mtu aliuona. Mama aliingia na beseni la mahindi na maharage aliyoyaloweka tangu jana, na nyuma yake ndoo yenye mengine. Mimi nilitoka kwenda kumsaidia shangazi kushusha mkungu wa ndizi. Nilikaa huko dakika ambazo nimezijutia.

Niliporudi sufuria ilikuwa motoni na inapiga mluzi wake vizuri, kizito kinacheza. Nikakaa. Tukaongea habari za mpunga. Kisha mluzi ukapungua, ukawa kama mtu anayeongea akiwa amefunikwa mto, na ukakatika.

"Imetulia," mdogo wangu alisema. "Ndiyo imeiva?"

Nataka ulielewe hili, kwa sababu watu wengi hufikiri hivyohivyo. Sufuria hii ikipiga kelele inapumua. Inayonyamaza juu ya moto ndiyo ya kuogopwa. Niliangalia kwenye kizito, nikaona uji wa kijivu umetanda kukizunguka, na haukuwa unatoka tena.

"Mama," nilisema, "umejaza kiasi gani?"

Mama alitazama dirishani.

"Mama."

"Nimejaza."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka inapoishia sufuria! Ulitaka nipeleke ndivani chombo nusu tupu? Watu wametoka topeni, wafungue mfuniko waone chini? Halafu waende wakasimulie kwamba Wapare ni wabahili?"

"Mama, hao watu wote ni Wapare."

"Ndiyo maana watasema!"

"Na magadi?"

"Kidogo," alisema mama. Kisha, kwa sababu ni mkweli, "Kiasi cha chungu."

Nilizima gesi. Nikawaambia watoke, nikatoka nikiwa wa mwisho, nikavuta mlango. Tulisimama uani, chini ya migomba, watu wanne pamoja na shangazi aliyekuwa amekuja kuona kulikoni, tukiangalia dirisha la stoo. Kichwa changu kilikuwa kinanisomea somo: moto umezimwa, mvuke hauongezeki, tundu limezibwa na maganda na povu la magadi, lakini kuna kizibo cha pili, cha mpira, kimewekwa kwa ajili ya saa kama hii. Nilijua hivyo. Kujua na kuamini ni vitu viwili, na siku ile nilikuwa nacho kimoja.

"Nilisema bomu," shangazi alinong'ona. Tayari alikuwa amesogea mpaka nyuma ya tangi la maji.

"Wifi, nyamaza," mama alisema.

"Nikinyamaza halitalipuka?"

Kikasikika kishindo kifupi, paa!, kama chupa ya soda iliyotikiswa, kisha mfoko mrefu wa mvuke, fuuu, ukapungua, ukaisha. Kuku walirudi kabla yetu. Tuliposubiri kiasi cha kutosha nilifungua mlango. Sufuria ilikuwa imekaa palepale, mfuniko umefunga barabara, haina ufa. Kile kizibo cha mpira kilikuwa kimeruka kutoka tunduni mwake, na makande yalikuwa yamechora mstari mnyoofu mpaka darini, ambako maharage kadhaa yalikuwa yamenata yakitutazama.

Hakuna aliyeumia. Hakuna hata kilichovunjika. Nilikaa kwenye kiti, na ndipo nilipogundua kwamba nimekalia ule mfuko wa mdogo wangu.

Akauvuta taratibu kutoka chini yangu. "Kaka," alisema, "nimeona. Nakushukuru kwa kujaribu. Mama, tukusanye nguo zako."

Huo ndio wakati niliokuwa nikiuogopa, na nilifungua mdomo nieleze, lakini mama alinitangulia. Alikuwa amesimama chini ya yale maharage ya darini, ameinua shingo.

"Hiki kilichoruka," aliniuliza, "kimeharibika?"

"Hapana, mama. Kimefanya kazi yake. Kinaruka ili sufuria isipasuke."

"Kwa hiyo kimewekwa kwa ajili ya mtu kama mimi."

"Kwa ajili ya mtu yeyote anayekosea."

"Huyo aliyekitengeneza alijua watu watajaza." Alitikisa kichwa, na nadhani alikuwa anamheshimu. "Kipo kingine?"

Kilikuwepo. Vilikuja viwili ndani ya boksi.

"Basi nionyeshe mara moja, halafu utoke," mama alisema. "Na wewe," akamgeukia binti yake, "hizo nguo hazina miguu. Kaa."

Ilikuwa bado saa nne asubuhi. Kwa mafiga, makande yaliyoanza saa nne yangekuta watu wa ndiva wameshakula cha wengine na kurudi makwao. Tulisubiri sufuria ipoe kabisa, tukaimwaga, tukaiosha. Nilimwonyesha mama lile tundu dogo chini ya kizito, lilivyozibwa na ganda moja la haragwe, ganda jepesi kuliko karatasi. Alilichomoa kwa kijiti cha ufagio, akaenda nalo dirishani, akalitazama kwenye kidole chake kwa muda. Kisha akainua mfuniko, akafumba jicho moja, akachungulia tunduni.

"Naona migomba," alisema.

Alipima kutoka kwenye ndoo mpaka nusu. Aliniangalia kila alipoongeza kata moja, si kwa kuniuliza bali kwa kunionyesha. Magadi hakugusa. Alifunga mfuniko mwenyewe, akawasha gesi mwenyewe, na kizito kilipoanza kucheza alipunguza moto kama nilivyomfundisha, akavuta kigoda chake kilekile cha jikoni, akakaa. Mdogo wangu alikaa kwenye kiti humohumo stoo, mfuko magotini. Mimi nilitumwa nje nikasimame na shangazi nyuma ya tangi.

"Linalia," shangazi alisema baada ya muda.

"Likilia ni vizuri, shangazi."

"Ulisema hivyo na la kwanza."

"La kwanza lilinyamaza."

Alifikiri. "Mwalimu, kama ulikuwa unafundisha hivi, wanafunzi wako walifaulu kweli?"

Kupitia dirishani nilikuwa nawaona mama na binti yake wakiongea. Sikusikia mengi, kwa sababu ya mluzi, lakini niliona mama anasimulia kitu kirefu, mikono yake inakwenda huku na huku, anacheka, anaendelea. Akapika mara ya pili tulichobakiza ndooni, nusu tena, akamimina kwenye chombo kikubwa juu ya yale ya kwanza, akaweka vitunguu na chumvi. Chombo kilijaa mpaka juu kama alivyotaka tangu mwanzo.

Mdogo wangu alitoka nje. Macho yake yalikuwa yamelowa, nikadhani ni kitunguu.

"Kaka," alisema, "tumekaa mle ndani zaidi ya saa mbili."

"Makande hayajaiva?"

"Yameiva. Nasema tumekaa saa mbili, mama anapika, anaongea bila kupumzika, unamjua." Akaelekeza kidole dirishani. "Hajakohoa. Hata mara moja."

Sikuwa nimeligundua. Nilikuwa nimesikiliza sufuria muda wote, sikumsikiliza mtu aliyekaa pembeni yake. Tulisimama pale mimi na yeye, na nilihisi kitu kinashuka kutoka mabegani mwangu ambacho nilikuwa nimekibeba tangu siku ile hospitali. Alinipa ule mfuko. "Tutumie kubebea sahani," alisema.

Tulifika ndivani watu wakiwa wananawa tope. Walifungua chombo, wakaona kimejaa, wakala. Mzee mmoja alitafuna, akatafakari, akasema yana kasoro kidogo, kama vile magadi hayakutosha.

"Hayakuwekwa kabisa," mama alijibu kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya bwawa. "Huu ni upishi wa mvuke. Ukitaka magadi, nenda kalambe."

Tangu hapo mama amerudi kwa daktari mara kadhaa. Mara ya mwisho daktari alimsikiliza mgongoni, akamwambia apumue, apumue tena, kisha akamuuliza amehamia wapi. "Sijahama," mama alisema. Kifua hakijawa cha msichana, na hakitakuwa, lakini sasa anapanda kutoka mferejini kwa kusimama mara moja tu, tena anasema anasimama kwa ajili ya kutazama mandhari. Kile chumba cha nyuma Kihurio kimejaa magunia ya mpunga, na mdogo wangu anasema kinafaa zaidi hivyo. Makande ya kuni bado yanapikwa kwa shangazi, mlango wa pili, lakini juzi alimtuma mtu kuuliza kama mama anaweza kumchemshia maharage kidogo, "kwa kuwa gesi yenu iko hapo tu."

Mama alimchemshia. Lakini alimtaka aje mwenyewe asimame karibu, na kabla ya kufunga alimpa mfuniko aushike. Nami nakuachia wewe vilevile, hasa wewe uliyeiweka sufuria yako juu ya kabati. Ishushe. Kila unapotaka kupika, toa kile kizito cha juu, inua mfuniko kwenye mwanga wa dirisha, uchungulie lile tundu dogo. Ukiona mwanga, jaza chakula cha jamii ya maharage kisizidi nusu, funga, upike. Usipouona, chukua kijiti chembamba, zibua, osha kwa maji, halafu uchungulie tena.